Koki ya Wodi ya Wazazi

Niseme mapema, kabla hamjaanza kumhukumu, kwamba binti huyu hakuwa mvivu wala mjinga. Watu waliyasema hayo sana, na baba yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyasema, kwa hiyo nayaondoa njiani tuendelee. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hakuwa wa kukaa. Mwili utaukuta umechuchumaa palepale ulipouacha, tochi mkononi, lakini mwenyewe keshaondoka. Baba yake, fundi bomba wa hospitali kwa miaka thelathini, alimbandika jina la Mgeni. Katikati ya kazi, akiona macho ya binti yamekwenda zake, aliinua kichwa kutoka shimoni na kumuuliza kwa upole wa kuudhi, "Mgeni, umefika?" Wauguzi waliokuwa wakipita wakacheka mpaka wakashika ukuta.

Asubuhi ya kisa hiki hakuna aliyecheka. Bomba la wodi ya wazazi lilikuwa limepasuka ndani ya ukuta alfajiri, maji yakamwagika juu ya vitanda vinne, na akina mama waliojifungua jana yake wakakimbizwa na vichanga vyao upande wa pili, wengine pekupeku. Mgeni alifanya jambo pekee aliloliweza: alitoka mbio akaenda kufunga koki kuu kule getini. Maji yakakoma wodini. Yakakoma pia jikoni, maabara, kwenye jengo la kufulia, chumba cha upasuaji na kila mahali pengine. Hospitali nzima ikawa kavu.

Dawa yake ilijulikana. Wodi ya wazazi ilikuwa na koki yake peke yake chini ya sakafu ya korido. Ukiifunga hiyo, unaifungua ile kuu na hospitali inaendelea na maisha yake. Baba yake Mgeni, ambaye kila mtu alimwita Mzee Spana, ndiye aliyeitia miaka minne iliyopita. Miaka miwili baadaye katibu aliyekuwepo wakati huo alitaka korido ing'ae, akaleta vigae vyeupe, na vigae vikapita juu ya kila kitu, mfuniko wa koki ukiwemo. Mzee Spana hakugomba sana. Vipimo alikuwa navyo. Hakuwahi kuandika kipimo hata kimoja maishani mwake. "Karatasi inaloa," alikuwa akisema huku akijigonga paji la uso, "kichwa hakiloi." Basi wiki saba zilizopita kiharusi kikamwangusha akifunga kamba za viatu, na vipimo vyote vya hospitali vikabaki humohumo kichwani.

"Koki iko wapi, binti?" aliuliza Katibu wa hospitali. Alikuwa mtu wa shati jeupe, na suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini.

"Iko humu koridoni."

"Humu wapi?"

Mgeni aliitazama korido. Hatua arobaini na mbili, vigae vyeupe mwanzo mwisho, vyote sura moja.

"Ilipofukiwa ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilishika tochi."

"Baba yako hakukuambia kipimo?"

"Aliniambia. Nikarudia mara tatu."

"Basi?"

"Sikumbuki, Bwana Katibu."

Mkandarasi alicheka puani. Alikuwa ameitwa tangu saa kumi na mbili, na alikuwa amekuja na vijana wanne na mashine ya kuvunjia zege. Kwa muda mrefu alikuwa akiinyemelea kazi ya mabomba ya hospitali ile, na leo imejileta yenyewe mlangoni. "Dada," alisema, "mtu anarudia kitu mara tatu halafu hakijui? Kasuku mwenyewe anajua."

Vijana wake wakacheka meno nje. Mgeni akahisi masikio yanamwaka moto. Kilichomuuma ni kwamba jamaa alikuwa amesema kweli tupu. Alikuwa amerudia kama kasuku.

Matroni alikuja akipangusa mikono kwa kitambaa kikavu. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kutosha wodi mbili. "Sikilizeni, mimi sina muda wa maneno. Chumba cha upasuaji kina mapipa mawili ya maji. Nina mama mmoja anasubiri kupasuliwa na wawili uchungu umeshawashika. Mpaka saa sita nitajikaza kisabuni. Baada ya hapo sina hata maji ya kunawa mikono."

"Nipeni ruhusa nianze kuvunja," alisema mkandarasi. "Kesho kutwa jioni tumemaliza."

"Kesho kutwa?" Matroni alimgeukia. "Nao watoto niwaambie wasubiri tumboni?"

Katibu alitazama saa. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa mtu anayeogopa wakubwa zake. Akamvuta Mgeni pembeni, lakini si pembeni ya kutosha, kila mtu alisikia. "Saa sita kamili naruhusu mashine. Na tuelewane, binti. Nafasi ya baba yako nilikupa kwa majaribio, miezi miwili. Nyumba mnayokaa inakwenda na kazi, hilo unalijua. Fundi asiyejua koki zake ziko wapi, nitamtetea kwa lipi?"

"Nimekuelewa, Bwana Katibu."

"Mlete mzee mwenyewe basi. Labda akipaona patamjia."

Mama alimleta akimsukuma kwenye kiti cha magurudumu, kimoja cha wodi chenye gurudumu linalolia. Alikuwa amemvalisha koti lake la kazi, lile la buluu lenye mifuko minne, ili aje kama fundi na si kama mgonjwa. Mgeni alipoliona lile koti alitamani ardhi ipasuke.

Kiharusi kilikuwa kimemwachia Mzee Spana mkono wa kushoto, nusu ya uso, na neno moja. Neno lenyewe lilikuwa "haya". Akitaka maji, haya. Akikasirika, haya. Akilia, haya, haya. Kila asubuhi alifungua kinywa kwa matumaini kana kwamba leo maneno mengine yatakuwepo, na kila asubuhi likatoka lilelile.

"Baba," Mgeni alichuchumaa mbele yake. "Koki ya hapa. Ile tuliyoitia mwaka ule. Nionyeshe kwa kidole tu."

Mzee aliitazama korido. Aliviona vigae, akaona na ukuta mmoja uliokuwa umebomolewa na mlango mpya uliokuwa umewekwa, na kila mtu aliona jinsi macho yake yalivyopotea. Akainua mkono wa kushoto. Watu wakasogea. Mkono ukaelekea ukutani, ukarudi sakafuni, ukapanda mpaka kwenye taa ya dari, ukabaki huko ukitetemeka.

"Haya," alisema. Halafu akajaribu tena, akavuta pumzi, mishipa ya shingo ikamsimama. "Haya. Haya!"

"Iko kwenye taa," kijana mmoja wa mkandarasi alinong'ona, na mwenzake akaziba mdomo kwa kofia.

Mzee alisikia. Masikio hayakuwa na ugonjwa. Machozi yakamtoka kwenye jicho moja, lile linaloweza, na Mama akayafuta kwa ncha ya kanga haraka haraka.

"Mrudisheni mzee nyumbani," alisema mkandarasi, sasa bila kucheka. "Tusimtese."

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya jiko la hospitali, vyumba viwili na kibaraza. Mgeni alipofika, saa nne ikiwa imepita, alimkuta msimamizi wa vijana wa mkandarasi amesimama dirishani, viganja kando ya macho, anachungulia ndani.

"Samahani mama," alikuwa akimwambia Mama kwa adabu zote, "hivi humu ndani kuna pahala pa kuweka friji?"

"Kuna pahala pa kukuweka wewe," Mama alimjibu, "ukiendelea kuchungulia chumba cha watu."

Jamaa akaondoka. Mama akakaa juu ya ngazi ya kibaraza. Kazi yake ilikuwa kuwasha boila ya jengo la kufulia, kuni na majivu tangu saa kumi na moja alfajiri, na leo hapakuwa na maji ya kuchemsha, kwa hiyo mikono yake ilikuwa haina la kufanya. Hilo lilimzidishia hasira.

"Miaka minane," alisema. "Miaka minane unamshikia baba yako tochi. Anakufundisha, anakufundisha, anarudi hapa sauti imekauka. Mimi namuuliza, vipi mtoto, anaelewa? Ananiambia, mke wangu, leo alikuwepo robo saa."

"Mama, naomba usiseme."

"Nitasema! Tunatolewa nje na mgonjwa, nisiseme? Tunaenda wapi naye? Kwa nani?" Sauti ilimpasuka. "Hebu niambie, mwanangu. Siku ile baba yako anakutajia vipimo, kama hukuwa pale, ulikuwa wapi?"

Mama hakutaka jibu. Alikuwa akigomba tu. Lakini Mgeni, kwa kuwa alikuwa amechoka na hakuwa na la kujitetea, alilichukua lile swali kama lilivyo na akaenda kutafuta jibu lake. Alikuwa wapi? Asubuhi nzima alikuwa akijilazimisha kuisikia sauti ya baba ikitaja hatua, na kila alipoitegea sikio palikuwa kimya. Kwenye kumbukumbu ile, pale alipopaswa kuwepo baba, hapakuwa na kitu. Sasa kwa mara ya kwanza akaacha kumtafuta baba, akajitafuta mwenyewe.

"Nilikuwa dirishani," alisema polepole.

"Dirishani unafanya nini?"

"Nakutazama wewe."

Mama aligeuka kumtazama.

"Ndiyo siku uliyorudi kazini," Mgeni aliendelea. "Ulipotoka kufanyiwa operesheni. Baba alikukataza, ukasema lazima uende. Mimi nilikuwa natazama dohani ya boila. Nilisema moshi ukitoka, basi mama amefika salama, ameweza kunyanyua kuni. Moshi ukawa hautoki, Mama. Nikawa naogopa. Nikaanza kucheza ili nisiogope."

"Kucheza?"

"Nilikuwa nafumba jicho. Lile guu la tangi la maji, la chuma, liko katikati ya dirisha na dohani. Ukifumba jicho moja ukasogeza kichwa kidogo, guu linaificha dohani yote, haionekani kabisa, utasema hamna. Nikasema nikiificha, halafu nikiifichua, moshi utakuwa umetoka. Nimeificha hivyo mara kumi, kumi na tano. Ilikuwa inatosha sawasawa. Haibaki hata ukucha." Alisimama ghafla. "Inatosha sawasawa, Mama! Nikichuchumaa palepale. Nikisogea hatua moja kulia haitoshi!"

Mama alimtazama binti yake, mdomo wazi. Miaka minne alikuwa hajui kama siku ile, akiwa ameshika kiuno mbele ya boila na nyuzi za operesheni zinamvuta, kulikuwa na mtu anamsubiri dirishani. "Nenda," alisema. "Kimbia, wewe mtoto, unasubiri nini?"

Tangu siku ile madirisha ya korido yalikuwa yamepakwa rangi nyeupe, kuanzia chini mpaka usawa wa kifua, ili wageni wasichungulie ndani. Mgeni aliomba wembe kwa Matroni, akaanza kukwangua.

"Sasa anaharibu na madirisha," alisema mkandarasi.

"Binti," Katibu alianza.

"Bado saa moja na dakika kumi, Bwana Katibu. Uliniahidi mpaka saa sita."

Rangi ilidondoka vipande vipande. Nje vikatokea vitu vyake, kimoja kimoja: tangi la maji juu ya miguu yake minne ya chuma, nyuma yake paa la jengo la kufulia, na juu ya paa ile dohani nyembamba ya matofali yenye pete za chuma. Mgeni alivua mabuti, kwa sababu siku ile alikuwa na ndala. Akachuchumaa katikati ya korido, mkono wa kulia ameunyoosha mbele kana kwamba una tochi, akafumba jicho moja, akaanza kwenda kando kwa mwendo wa kaa.

Watu walijaa. Wauguzi, wapishi, wagonjwa wenye uwezo wa kusimama, baba mmoja mtarajiwa na chupa yake ya chai. Mtu mzima, mfanyakazi wa hospitali, anatambaa koridoni pekupeku jicho moja limefumbwa! Mkandarasi akauliza, "Tunatafuta koki au tunapiga picha?" na kicheko kikapita korido nzima. Mgeni alikisikia, kikampita. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake kutokuwepo kulimfaa.

Guu la tangi lilisogea. Likaigusa dohani. Likaila nusu. Likaila yote.

"Hapa," alisema. Matroni, bila kuombwa, akachora mstari wa kalamu sakafuni mbele ya vidole vyake, kutoka dirishani mpaka ukuta wa pili.

"Huo ni mstari," alisema Katibu, ambaye sasa alikuwa amepiga magoti bila kujali suruali. "Koki iko sehemu gani ya mstari?"

Mgeni alifumba jicho tena. Alirudi kule. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, alirudi. Alikuwa hakumbuki tena, alikuwa anatazama. Na pale dirishani pa zamani kila kitu kilikuwa kimemsubiri. Aliona kitambaa chekundu kilichokuwa kimenaswa kwenye ngazi ya tangi. Aliona ndege wawili kwenye pete ya juu ya dohani, mmoja akijikuna. Hakuna aliyemwambia avitunze. Hakuwa na haja navyo, wala hakuwahi kuviwazia hata siku moja tangu hapo, na vilikuwepo vyote, havijapauka rangi. Mwili wake ukasisimka mpaka utosini. Ni nani aliyekuwa akimwekea vitu hivi?

"Pete," alisema. "Dohani ina pete tano. Kingo ya dirisha ilikuwa inaziba za chini. Kuanzia juu nilikuwa naziona tatu wazi. Ya nne ilikuwa imelala juu ya kingo kabisa, kama imewekwa."

"Ukisogea mbele?"

"Zinapungua. Nikirudi nyuma... ngoja." Akarudi nyuma kwa visigino, akainuka kidogo, akashuka. "Ndiyo. Nikisogea karibu na dirisha kingo inapanda, inaficha. Nikirudi nyuma zinaongezeka." Akaenda mbele nusu hatua, akarudi unyayo mmoja. Pete ya nne ikaja, ikalala juu ya kingo.

Korido ilikuwa kimya sasa hata ukasikia kichanga kimoja kikikohoa upande wa pili.

Mgeni alishusha mkono wake wa kulia, ule wa tochi, mpaka vidole vikagusa sakafu. Viligusa mpaka wa vigae viwili.

"Kipi?" aliuliza mkandarasi. Alikuwa amekuja karibu, tindo na nyundo mkononi mwake mwenyewe. "Dada, sema kipi. Nikivunja kisichokuwa chenyewe bwana mkubwa huyu atanitoza."

"Kimoja tu," alisema Katibu. "Navumilia kigae kimoja."

Ndipo Matroni akauliza swali la kitabibu. "Siku ile ulifumba jicho lipi? Maana sasa hivi umefumba la kulia. Ukibadilisha jicho, mstari unahama."

Mgeni aligusa kope zake. Ni kweli. Alijaribu kukumbuka jicho, na jicho halikumbukwi. Mtu halioni jicho lake. Akajaribu kufumba la kushoto ili alinganishe. Yakafumba yote mawili. Akajaribu tena, akakunja uso, mdomo ukaenda upande, na yote mawili yakafumba.

Akaanza kucheka. "Sijui kufumba la kushoto," alisema. "Sijawahi kuweza. Tangu mtoto, la kushoto haliendi peke yake. Lilikuwa la kulia! Haliwezi kuwa lingine, mstari ni huuhuu!" Akaweka kiganja juu ya kigae cha upande wa dirisha, kile kilichokuwa mbele ya vidole, mahali tochi ilipokuwa ikimulika. "Vunja hiki."

Mkandarasi alipiga mara tatu. Kigae kikapasuka. Chini yake simenti, akapiga tena, na pigo la sita likatoa mlio mwingine, mlio wa chuma. Aliendelea kupiga taratibu, akifukua kwa mikono, mpaka mfuniko wa duara ukatokea, mchafu, mzima, umekaa katikati ya kigae kana kwamba kigae ndicho kilichopimwa kwa ajili yake.

Mkandarasi alivua kofia. "Loo," alisema. "Mimi kazi hii nimeifanya miaka ishirini."

Mgeni alishuka na spana mpaka bega likaingia shimoni. Koki ilikuwa ngumu. Ilimpa kazi, ikalia, ikazunguka. Kijana mmoja akatumwa getini. Baada ya dakika tatu sauti ikaja kutoka mbali, kwanza jikoni, halafu maabara, watu wakiitana: "Yamerudi! Maji yamerudi!" Wodi ya wazazi ikabaki kavu, bomba lililopasuka halitoi hata tone. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi na nane. Matroni alimshika Mgeni kichwa kwa mikono miwili, akakitazama kichwa chenyewe, juu, ubavuni, halafu akakiachia na kukimbilia chumba cha upasuaji.

Katibu alitoa daftari. "Tupime, tuandike," alisema. "Kuanzia leo kila kitu kinaandikwa." Wakapima kutoka mlangoni. Hatua kumi na saba na kiganja. Kutoka dirishani, hatua moja na viganja viwili. Katibu alivisoma kwa sauti. Mgeni alisimama akivisikiliza, akingoja kitu ndani yake kishtuke na kusema naam, hivyo ndivyo alivyosema baba. Hakikushtuka. Zilikuwa namba za watu wengine. Alikuwa amezitamka mara tatu kwa mdomo wake mwenyewe, na hata sasa, akiletewa mbele ya uso, hakuzifahamu.

"Barua ya kazi nitakuandikia leo," Katibu alisema. "Ya kudumu. Zile koki nyingine nazo unazijua?"

"Ziko ngapi, Bwana Katibu?"

"Baba yako alisema ishirini na tatu."

"Nitazipata," alisema Mgeni. Na alijua atazipata. Kila moja ilikuwa na dirisha lake, au mlango, au upenyo wa anga, na kote huko alikuwa amekuwepo.

Alasiri hiyo Mama alikwenda kuwasha boila kwa zamu ya kuchelewa, akarudi ananuka moshi, anaimba. Walimtoa Mzee kibarazani, kwenye mwanga. Mgeni alimsimulia yote, na mzee akacheka kwa nusu ya uso na kupiga goti kwa mkono wa kushoto. Halafu Mgeni akasema atamnyoa. Tangu augue ni Mama aliyekuwa akimnyoa, lakini leo binti aliitaka kazi hiyo, akaleta bakuli, sabuni na wembe mpya.

Alimpaka povu, akaanza shavuni. Alikuwa karibu naye kuliko alivyowahi kuwa tangu utotoni, na alitazama kila nywele kwa kuogopa kumkata. Alipomwinua kidevu akaona chini ya taya, upande wa kushoto, kovu jeupe lililopinda, refu kiasi cha pingili ya kidole.

"Mama, hili kovu alilipata wapi?"

Mama alikuwa akichambua mchele. "Lile? Kazini. Spana ilimteleza."

"Lini?"

"Zamani. Mwaka wako wa pili naye. Jikoni, upande wa stoo." Mama alisita, akamtazama mumewe kama anayeomba ruhusa, na mzee akageuza macho. "Alinikataza nisikwambie. Alisema mwanga wa tochi yako ulihama kidogo. Akaziba na kitambaa, akamaliza kazi."

Mkono wa Mgeni ulisimama hewani.

Jikoni, upande wa stoo. Hakulazimika hata kutafuta. Ilikuja yenyewe, nzima: beseni la njano limeinamishwa ukutani kukauka, tone la maji likikusanyika ukingoni, likivimba, likishika jua, likianguka; na chungu mmoja akipanda, akifika ukingoni, akigeuka. Aliweza kuhesabu miguu ya yule chungu. Alitafuta ndani ya picha ile huku na huku, juu na chini, mahali ambapo baba yake alikuwa amepiga magoti hatua moja kutoka kwake, damu ikimtoka. Hakuwemo. Hakukuwa hata na kivuli chake.

Mzee alikuwa amefumba macho, kidevu juu, anangoja. Mgeni aliosha wembe. Akampaka povu upya, polepole, akaanza tena sikioni, na safari hii hakuangalia pengine popote.